TAFAKARI YA JUMA: Kabla ya Rangi



Juma hili naomba mnivumilie, maana nataka kuzungumza juu ya rangi. Sisemi rangi za liturujia, bali rangi ya kopo, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Musoma. Chanzo chake ni boti moja ndogo ya mbao, isiyofika mita moja kwa urefu, wanayoiunda vijana wetu wakati huu wa likizo. Mota na kifaa cha kuiongoza kutoka mbali wamevitoa katika gari bovu la kuchezea. Mengine yote wameyafanya kwa mikono yao.

Jumamosi iliyopita waliniita niwe mwamuzi. Mmoja alitaka watumie rangi ya maji iliyobaki tulipopaka ukumbi. Wa pili alitaka rangi ya magari, kwa kuwa inang'aa. Wa tatu alisema lami inatosha. Walikubaliana katika jambo moja tu: kwamba praima, yaani ile rangi ya kwanza ya chini, ni kupoteza fedha kwa kuwa haionekani.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo walipokosea zaidi. Mafundi wa majahazi wa pwani hawakuanza na urembo. Walikalafati kwanza, wakijaza pamba katika maungio ya mbao, kisha wakapaka deheni ya shahamu na chokaa sehemu iliyozama majini. Naye Nuhu aliagizwa kuipaka safina lami ndani na nje. Tunawakumbuka sana wanyama wake, lakini neno hilo la "ndani" tunalipita haraka. Mbao hunywa maji kutoka kila upande, na hasa kwenye ncha zilizokatwa. Boti iliyopakwa nje peke yake huingiwa na unyevu kwa ndani, mbao zikavimba, na rangi ile nzuri ya nje ikabanduka magamba.

Basi niliwashauri hivi. Mbao ikauke kabisa. Ipigwe msasa kufuata nyuzi zake, mashimo yazibwe, vumbi lifutwe. Praima iwe ya mbao, si ile nyekundu ya vyuma. Mkono wa kwanza uongezwe tina kidogo ili upenye, na ncha za mbao zipakwe mara mbili. Ikikauka, ipigwe msasa laini, ndipo ifuate rangi ya mafuta, mikono miwili au mitatu myembamba. Rangi nzito huongeza uzito, na uzito ukiwa juu boti hupinduka. Rangi ya maji ya ukutani haikutengenezwa kukaa ziwani. Rangi ya magari hukauka ikawa ngumu, na mbao inapotanuka na kusinyaa, hupasuka. Tena tina yake kali huweza kuikunja rangi ya mafuta iliyo chini yake. Mwenye uwezo wa kununua epoksi ataziba mbao vizuri zaidi, lakini naye lazima aifunike kwa rangi, kwa sababu jua huiharibu.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningefurahi. Lakini nilipouliza mbao zimetoka wapi, niliambiwa ni za mtumbwi wa zamani uliovunjwa mwaloni. Nikatazama chini. Barazani palikuwa na vumbi jekundu na la njano, na wadogo zao wawili walikuwa wakichora ndani yake kwa vidole. Msasa ule niliwanunulia mimi mwenyewe, tena nikawasifu kwa kutotupa kitu.

Ndugu zangu, rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, hasa zile kali: nyekundu, njano na kijani. Zipo hata mpya ambazo bado zinayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, nayo huudhuru ubongo ambao bado unakua.

Kijana mmoja alinijibu kwa heshima, "Baba, wavuvi wamepaka rangi hizi miaka yote, na hawajafa." Ni kweli. Risasi kwa kawaida haiui ghafla kama dhoruba ya ziwani. Humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza na wa kutulia, kidogo kidogo, bila homa wala kikohozi. Baadaye mwalimu humwita mzito, mzazi humwita mkaidi, naye mwenyewe huamini.

Mwaka 1934 mtoto mmoja kutoka Butiama alianza masomo katika shule ya Mwisenge, hapa hapa mjini. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Mwalimu. Hakuna aliyeweza kujua siku ile kilichokuwamo katika kichwa kile. Nasi hatujui kilichomo katika vichwa vya wale wawili wa barazani.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na mafundi, kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama: tusikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu. Tuloweshe mbao, tutumie msasa wa maji, tuwaweke watoto mbali, kisha tukusanye uchafu wote kwa kitambaa kibichi, bila kufagia. Tusipikie mbao zilizopakwa rangi, kwa maana moshi na majivu yake hubeba sumu ile ile. Na dukani tuulize kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni. Muuza duka akiulizwa na mteja mmoja atacheka. Akiulizwa na ishirini ataagiza.

Mbao zile tumeziweka kando, baraza tumelidekia, na wazazi wa wale wadogo nimewaendea mwenyewe kuwaeleza, wawapeleke wakapimwe. Haikuwa safari rahisi kwangu. Vijana wameanza upya kwa mbao mpya. Wamenung'unika, maana boti haitakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa. Praima wamekubali kuinunua. Rangi ya juu wamechagua ya machungwa ili ionekane katikati ya mawimbi, nao wameahidi kusoma maandishi ya kopo kabla ya kulipa.

Niwatakie Dominika njema.