Kaa Mwenye Damu ya Buluu

Msomaji, kama kwako nyumbani mnapenda kaa, sikiliza yaliyonipata. Mjomba wangu wa Kwale alinitumia kwa basi kaa sita wa mikoko, wazima, magando yamefungwa kamba. Walifika Nairobi usiku. Kwa huruma, niliwatia kwenye ndoo ya maji, nikakoroga chumvi ili wajione wako kwao, kisha nikafunika kwa sinia. Kulipokucha, wanne walikuwa wamekufa.

Nilipokuwa nikiwatupa, mmoja alivunjika mguu. Tone la maji maji likaangukia sahani nyeupe.

"Baba, huyu hana damu!" mwanangu akasema.

Kabla sijamjibu, tone lile likaanza kugeuka buluu.

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya chembechembe nyekundu. Kaa hana chembechembe hizo. Protini yake, himosianini, imeyeyuka katika damu yenyewe, na badala ya chuma ina shaba, madini yale yale ya nyaya za umeme.

Kila kipande cha himosianini kina atomu mbili za shaba zilizo jirani. Molekuli ya oksijeni ikifika, hunaswa katikati yake kama mpira mikononi mwa kipa. Hapo damu huwa buluu. Oksijeni ikiachiliwa, rangi nayo hupotea. Vipande hivyo huungana sita au kumi na viwili, na kimoja kikishashika oksijeni, vyenzake hupata wepesi wa kushika. Ni kama matatu: hupakia kwenye matamvua, ambako oksijeni ni tele, na hushusha kwenye misuli, ambako imepungua.

Basi tone letu halikuwa na rangi kwa kuwa kaa yule alikufa akiwa ameishiwa oksijeni. Lilipokutana na hewa ya jikoni, shaba ikapata ilichokosa usiku kucha.

Lakini je, kaa si mnyama wa majini? Nilimpigia mjomba simu.

"Shikamoo, mjomba. Kaa wamekufa."

"Marahaba, mpwa wangu. Uliwatia majini, sivyo? Kaa hufunikwa gunia lililolowa, akawekwa kivulini!"

Mjomba hakusomea sayansi, lakini yuko sawa. Lita moja ya hewa ina mililita zipatazo 210 za oksijeni. Lita moja ya maji, katika joto letu, haifikishi hata 10. Baharini maji hubadilika kila mara, lakini kwenye ndoo kaa sita huimaliza upesi. Kaa anazo mbinu: misuli yake ikikosa oksijeni hutoa laktati, ambayo kwa kaa wengi huifanya himosianini ishike oksijeni kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, kisichokuwepo hakishikiki. Nje ya maji, maadamu matamvua yana unyevu, kaa wa mikoko huvuta oksijeni hewani na kuishi kwa siku kadhaa.

Wawili waliobaki tuliwapika kwa nazi. Wale wanne niliwatupa, kwani kaa aliyejifia haliwi. Nyama yake huharibika haraka.

Siku nyingine utakapoletewa kaa, msomaji, tafuta gunia, si ndoo. Tukutane Jumapili ijayo.