NANI ALIIUA ROVER?

Wako watu, ndugu zangu, ambao wakiiona motokaa kuukuu ya Kiingereza husimama wakaitazama kama waliofika kuzuru kaburi la shehe. Hatuwazuii. Rover ile iitwayo P5 ni motokaa nzuri, na asemaye si nzuri ana kijicho. Lakini wapenzi wake wana hadithi yao wanayoisambaza: ati motokaa kama hizi zilikufa kwa sababu ya wafanyakazi. Ati walizoea migomo na uvivu, wakataka mishahara isiyo na kiasi, mpaka kampuni ikafa. Hadithi hiyo tunaikataa kabisa.

Rover haikuanza na mabwana. Ilianza na baiskeli. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, akaiita Rover. Baiskeli uipandayo kwenda shamba ni mjukuu wa ile. Motokaa zilifuata mwaka 1904, naye Starley amekwisha kufa. Mwaka 1948 ikatoka Land Rover, bodi yake ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Hiyo hatuna haja ya kuieleza kwa watu ambao baba zao walimwona Bwana Shauri akishuka kutoka ndani yake.

P5 ilitoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Solihull, umbo lake limechorwa na David Bache. Pana, nzito, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa. Mwaka 1967 ikatiwa injini ya silinda 8, na hapo wenye majivuno ya Uingereza tupu hupunguza sauti, maana injini hiyo asili yake ni Marekani. Ilikuwa ya Buick. General Motors walikwisha kuiacha, na Rover wakanunua haki ya kuitengeneza. Kununua kitu kizuri kwa mwingine si aibu. Aibu ni kukificha.

Motokaa hiyo, P5B, iliwabeba Harold Wilson, Edward Heath, James Callaghan na Margaret Thatcher. Malkia Elizabeth naye alikuwa na yake. Zote za jamii ya P5 zilikuwa kama 69,000, na ya mwisho ilitoka mwaka 1973. Hata hivyo mwaka 1979, Bi. Thatcher aliposhinda uchaguzi, alifika Downing Street ndani ya Rover hiyo hiyo. Tunawauliza wasimulizi: viti alivyokalia vilishonwa na nani? Injini iliyodumu miaka yote hiyo bila kumwaibisha Waziri Mkuu njiani ilifungwa na nani? Wavivu?

Migomo ilikuwapo, hatukatai. Miaka ya 1970 viwanda viligoma mara nyingi, na motokaa nyingine zilitoka mbovu. Lakini nani aliyezichukua Rover, Jaguar, Triumph, Austin na Morris, waliokuwa washindani, akazitia katika chungu kimoja mwaka 1968 kwa jina la British Leyland, zikabaki kugombania wanunuzi wale wale? Fundi wa Solihull hakuulizwa. Mwaka 1975 chungu kilipotaka kupasuka, serikali ikakichukua kwa fedha za walipa kodi.

Sasa fuateni hesabu, maana wasimulizi hawaipendi. Mwaka 1988 serikali ya Bi. Thatcher, yule yule aliyebebwa, iliiuza Rover kwa British Aerospace kwa pauni milioni 150. Miaka 6 baadaye British Aerospace wakaiuza kwa BMW wa Ujerumani kwa pauni milioni 800. BMW wakashindwa, mwaka 2000 Land Rover ikaenda kwa Ford, na kiwanda cha Longbridge wakapewa wafanyabiashara wanne kwa pauni 10. Pauni kumi! Mbuzi mzuri huwezi kumpata kwa bei hiyo. Jina lenyewe la Rover lilinunuliwa na Ford mwaka 2006, na mwaka 2008 likapita kwa Tata wa Bombay, mji ambao hadi 1947 ulitawaliwa kutoka London.

Longbridge ilifungwa Aprili 2005. Watu kama 6,000 walipoteza kazi. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wakubwa watano walijipatia pauni milioni 42 katika mishahara na malipo ya uzeeni. Wafanyakazi nao walikuwa wameahidiwa mfuko wao. Ulipofunguliwa, mlikuwa na kama pauni 3 kwa kila mtu. Wakazitoa sadaka.