DAWA MOJA, MIEZI KUMI NA MINE



Siku hizi jina la Ferdinand Omanyala wa Kenya haliishi midomoni mwa kalasi za chini. Kila mwenye miguu mirefu anajiita Omanyala. Sisi viongozi wa wanafunzi tunafurahi, sababu zamani walijiita majina ya wacheza mpira tu. Lakini wengi wanajua habari ya ushindi, hawajui namna alivyoanza.

Ushindi tunaujua. Tarehe 18 Septemba 2021, kule Nairobi, alikimbia metre 100 kwa sekunde 9.77. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuzikimbia upesi hivi. (Na siku ile alikuwa wa pili! Trayvon Bromell wa Marekani alipata 9.76.)

Mwanzo ni mwingine. Omanyala alizaliwa mwaka 1996, akacheza ragbi, ule mpira wa kubeba mikononi na kuangushana. Mwaka 2015 mchezaji mwenzake, Dennis Ombachi, akamshauri ajaribu mbio fupi. Kenya ni inchi ya mbio ndefu, lakini alijaribu. Wakati ule alikuwa anasoma kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 21 tu, alipimwa, wakakuta mwilini mwake dawa inayoitwa betametazoni. Yeye alieleza kwamba ilikuwa dawa ya maumivu ya mgongo. Wakamfungia miezi 14, asishindane pahali popote.

Angalieni vizuri: mtu wa kemia! Kama yeye alinaswa, sisi tunaonunua kinini sokoni, moja moja, bila karatasi wala kartoni, tuko wapi? Betametazoni iko na ndugu yake, deksametazoni, ile ambayo watu wengine wanameza ili wanenepe. Ukiizoea, mifupa inalegea, sukari inapanda katika damu, na mwili unaacha kutengeneza dawa yake wenyewe. Ukiikata gafla unaweza kuanguka.

Kuna wanaosema: «Ah, hapa Kasongo nani atatupima mkojo?» Ni kweli, hakuna. Lakini mifupa haingojei mpimaji.

Tena tusiwaseme vibaya wanaomeza. Tunajua sababu yao. Ndugu zetu wa Kabambare wanafika juu ya pikipiki, njia ni mbaya, mgongo unauma, na mashindano ni kesho yake. Hapa kwetu wakimbiaji wanachaguliwa mangaribi moja tu kwa mwaka mzima. Ukiwa na homa siku ile, umekwisha. Basi mtoto anaficha homa, anameza kinini ya rafiki, anakimbia. Sisi tumeona mmoja akitapika nyuma ya goli, halafu akasema ni muhogo.

Omanyala alipewa azabu, lakini azabu ile ilikuwa na mwisho. Mikutano mingine mikubwa ya Ulaya ilikataa kumwita hata mwaka 2021, lakini Kenya ilimpeleka Tokyo mwaka ule, akafika nusu fainali ya Olimpiki kwa sekunde 10.00. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Afrika na wa michezo ya Jumuiya ya Madola. Kama wangemfunga moja kwa moja, kalasi ya kwanza wangejiita nani leo?

Kwa hiyo tunaomba wazee walimu siku mbili za kuchagua, wiki mbili katikati, ili mgonjwa asiogope kusema ni mgonjwa. Tunaomba vilevile wageni wa Kabambare wapewe siku moja ya kupumzika mbele ya kukimbia. Chakula cha siku ile, sisi wa mwaka wa mwisho tuko tayari kukipunguza katika sahani zetu.

Nanyi wandugu, mwenye kinini mfukoni aipeleke kwa mwuguzi mbele ya Jumamosi. Hatutauliza jina la aliyeuza.

Viongozi wa wanafunzi