Safari Nafuu Isilipwe na Mwenyeji



Shule zikikaribia kufungwa, familia nyingi hapa Mlandege huanza kuzungumzia Unguja. Ni jambo jema. Mtoto aliyekulia katika baridi ya Iringa atateremka Kitonga, atavuka bahari kutoka Dar es Salaam, na ataswali katika Msikiti Balnara wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia. Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hutembelewa kwa miguu, na vichochoro vyake havina kiingilio.

Lakini hesabu za wengi wetu huanza hivi: "Tutafikia kwa shangazi, malazi ni bure." Shangazi huyo hununua mchele na mkaa kama sisi. Watu sita wakikaa kwake wiki mbili, safari haikuwa nafuu. Ameilipa yeye, naye kwa haya hakusema neno.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka; wala si halali mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki.

Basi tuombe ruhusa mapema. Tuchukue maharage ya kwetu, tununue samaki Darajani, tuingie jikoni kusaidia. Siku ya tatu ikitimia, tuage. Fedha isipotosha, tusubiri mwakani. Unguja haihami, lakini udugu ukichoka ni vigumu kuurudisha.

Wabillahi tawfiq.