Mpini mpya kwa jembe la zamani

Mwezi wa 9 unakaribia, na mvua yake haingoji mtu. Katika vikundi vyetu tunaona majembe mengi yamelala nyuma ya nyumba: chuma ni kizima, mpini umevunjika. Mwenye jembe anangoja baba wa watoto arudi, ama anatafuta franka za kununua lingine. Kazi hii sisi wenyewe tunaiweza (wababa wasikasirike). Tena tunaisema kwa sababu ya watoto. Mama analima na mtoto mgongoni, mwingine anacheza karibu. Chuma kikichomoka kinaruka, na hatujui kitamwangukia nani.

Kwanza tuondoe kipande kilichobaki ndani ya tundu. Wengi wanatupa jembe lote motoni ili mti uungue. Tusifanye hivyo. Moto mkali unalegeza chuma, na makali yake yatajikunja kwenye jiwe la kwanza. Tuchukue msumari mnene na nyundo, tugonge kipande polepole mpaka kirudi kilikotokea.

Sasa mti. Huku kwetu Kivu, mkaratusi ndio unaopatikana kwa urahisi, na ni mgumu wa kutosha. Tuchague ulionyooka, usio na fundo upande wa kichwa. Lakini mti mbichi unadanganya: leo unabana sana, ukikauka unanywea na jembe linacheza. Anayehitaji mpini juma hili aombe mti uliokauka tayari kwa jirani. Kikundi kinaweza kukata mipini kumi sasa kwa ajili ya msimu wa mwezi wa 2, kikaikaushe kivulini. Mkaratusi ukianikwa juani ama juu ya jiko unapasuka.

Kwa jembe la tundu la duara, upande mwembamba wa mpini ndio unaoingia kwanza, upite wote mpaka kichwa kinene kikwame. Tupake unga wa makaa ndani ya tundu, tuingize mpini, kisha tuutoe. Pale penye weusi ndipo panapogusa: tupachonge kidogo kwa panga, tujaribu tena. Mti ukigusa pande zote, tugonge kile kichwa kinene juu ya jiwe. Chuma kitashuka na kujibana chenyewe. Jembe la mkia ni tofauti kidogo. Kichwa cha mpini kinatobolewa kwa chuma kingine chenye moto, si kwa jembe lenyewe, na tundu liwe jembamba kuliko mkia. Mkia ugongwe ukiwa baridi.

Na ile desturi ya kulaza jembe majini usiku? Asubuhi linabana, ni kweli, maana mti umevimba. Lakini chuma hakitanuki, kwa hiyo mti unajiponda ndani yake. Jua la saa sita likiukausha, jembe linalegea kupita jana. Vitambaa na vipande vya kambambili navyo vinatoka haraka.

Urefu wa mpini upimwe kwa mwenye kulima, si kwa mpini wa zamani. Mfupi mno unaumiza kiuno. Kabla ya kwenda shambani, tupige udongo mgumu mara kumi, mbele yetu pasiwe na mtu, kisha tutazame kama chuma kimesogea.