Watoto wabaki na filamu gani wazazi wakienda shamba?

Mvua zikianza kunyesha katika Bonde la Kilombero, nyumba nyingi za Ifakara hupungua watu. Baba na mama huhamia kwenye mashamba ya mpunga, na wengine hukaa huko wiki nyingi wakilima, wakipalilia, wakiamia ndege na hatimaye kuvuna. Wanaosoma hubaki mjini. Mara nyingi mkubwa wa nyumba anakuwa binti au kijana wa sekondari, ambaye ndiye anayepika, kufua na kuwaamsha wadogo zake waende shule.

Jioni kazi zikiisha, kinachobaki ni simu, au televisheni yenye tundu la flashi. Kilichomo kwenye flashi hiyo mara nyingi hakikuchaguliwa na mzazi. Kimechaguliwa na kijana wa dukani.

Utaratibu unajulikana. Mtoto anapeleka flashi, anasema "niwekee muvi kali", analipa na kuondoka. Muuzaji anaweka zinazotoka sana: mapigano, bunduki, magari yanayolipuka. Hana jalada la kuonyesha, hivyo hata daraja la umri halionekani. Huwezi kumlaumu sana, kwa kuwa anauza kinachoulizwa. Mzazi asiyetaja jina la filamu hupewa kile wanachopewa wote.

Wamarekani wamekuwa wakitengeneza filamu kwa zaidi ya miaka 100, na zinazofika kwenye flashi ni sehemu ndogo tu. Kati ya zile ambazo hazitajwi sana zimo zinazoigusa familia ya mkulima kuliko muvi yoyote ya mabomu. Nne zifuatazo ni za miaka tofauti na za aina tofauti.

Ndugu wawili bila mama

Little Fugitive ya mwaka 1953 inamhusu Joey, mtoto wa miaka saba wa Brooklyn, New York. Mama yao ni mjane. Anapata habari kwamba bibi anaumwa, anaondoka, na kumwachia kaka wa miaka 12 kazi ya kumlea mdogo wake. Kaka anaona kero kufuatwa na mtoto kila mahali, hivyo yeye na rafiki zake wanamfanyia mzaha mbaya: wanamfanya Joey aamini kwamba amemuua kaka yake. Mtoto anakimbilia Coney Island, ufukwe wenye michezo mingi, na huko anaokota chupa tupu ili apate hela ya kupanda farasi.

Hakuna damu wala matusi. Ila kaka au dada aliyewahi kuachiwa wadogo zake ataielewa tangu mwanzo. Kwa familia inayojiandaa kwenda shamba, hii ndiyo ya kuanza nayo, tena mzazi akiwa bado yupo nyumbani. Baada ya kuitazama ni rahisi kumuuliza mkubwa: wadogo wakikuchosha, utafanya nini? Utamwita nani?

Baba aliyefungwa kwa ajili ya chakula

Sounder ya mwaka 1972 iko Louisiana, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ni familia ya watu weusi wanaolima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Chakula kinapokwisha, baba anaiba nyama, anakamatwa na kupelekwa kwenye kambi ya kazi ngumu. Mama, Rebecca, anabaki na watoto na shamba lote. Mtoto wa kwanza, David, anafunga safari ya miguu akiwa na mbwa wao kwenda kumtafuta baba, na njiani anakutana na mwalimu mweusi anayemfungulia mlango wa elimu.

Cicely Tyson na Paul Winfield, walioigiza kama mama na baba, wote wawili walipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Wazazi wa Kilombero watatambua swali lililo katikati ya filamu hii: mtoto abaki asaidie shamba, au aende shule? Jibu la baba linafaa kusikiwa na kila mtoto. Kuna sehemu mbwa anapigwa risasi, hivyo wadogo sana waambiwe mapema kwamba hafi.

Treni inayochekesha bila maneno

The General ya mwaka 1926 haina sauti ya mazungumzo. Bibi asiyejua Kiingereza na mtoto wa chekechea watacheka pamoja. Buster Keaton ni dereva wa treni ambaye treni yake inaibwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye anaikimbiza. Vituko vingi juu ya treni inayokwenda alivifanya mwenyewe, na treni inayotumbukia mtoni daraja linapovunjika ilikuwa treni ya kweli. Watoto waliozoea kuiona TAZARA ikipita watakuwa na mengi ya kusema.

Jambo moja mzazi alieleze: shujaa huyu yuko upande wa Kusini, upande uliopigania utumwa uendelee. Filamu haisemi hivyo. Nyumbani lazima isemwe.

Haki miliki ya filamu hii imekwisha Marekani, kwa hiyo inapatikana bure mtandaoni. Nyingine zilizotajwa hapa bado zina wenyewe.

Katuni kwa wote

The Iron Giant ya mwaka 1999 haikufanya vizuri kwenye majumba ya sinema ilipotoka. Hogarth ni mtoto anayelelewa na mama peke yake. Usiku mmoja mama amechelewa kazini, na mtoto amekaa macho akitazama filamu ya kutisha. Baadaye anakutana na jitu la chuma lililotoka angani, lenye silaha ndani yake, na urafiki wao unaleta swali kubwa: je, aliyeumbwa kama silaha analazimika kuwa silaha?

Nani atatafsiri?

Wazazi wengi wa leo walizijua filamu za nje kwenye vibanda umiza, kupitia watafsiri kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Filamu zisizovuma ni nadra kukutwa zimetafsiriwa. Si hasara. Mtoto wa sekondari anaweza kuwa mtafsiri wa nyumba: asimamishe kila baada ya dakika chache, awaeleze wadogo kwa Kiswahili. Kiingereza chake kitanufaika, na wadogo watamsikiliza kwa heshima mpya.

Dukani, mazungumzo yabadilike kidogo.

"Shikamoo mama. Nikuwekee zile kali za wiki hii?"

"Marahaba mwanangu. Leo nimekuja na majina yangu. Kama huna, nitafutie, nitapita Jumamosi."

Majina yaandikwe kwenye karatasi pamoja na mwaka, maana filamu tofauti huweza kuwa na jina moja. Sounder, kwa mfano, ilitengenezwa tena baadaye. Na kabla ya kukabidhi flashi, mzazi atazame mwenyewe dakika 20 za kwanza.

Filamu nzuri haigeuki kuwa mlezi. Watoto wanaobaki peke yao bado wanahitaji jirani wa kuwachungulia, namba ya simu ya mtu mzima aliye karibu na muda wa kuzima televisheni. Ila mzazi akirudi kutoka shamba mwisho wa wiki na kuuliza, "David alimpata baba yake?", watoto watakuwa na la kumwambia, na katika kusimulia huenda likatoka na lile lililowasumbua yeye akiwa hayupo.