Kimvita Kipimwe na Wenyewe

Mazungumzo juu ya teknolojia katika shule zetu aghalabu huishia kwenye swali la nani ana kompyuta na nani hana. Liko swali jingine, nalo ni zito zaidi: sauti ya Mswahili inapogeuzwa tarakimu, ni nani aamuaye kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe?

Wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wenye leseni ya kuwasiliana hewani pasipo biashara, wamelikabili swali hilo kwa miaka mingi. Mtindo wa D-STAR uliobuniwa Japani ulitegemea kodeki iitwayo AMBE, mali ya kampuni moja ya Marekani. Mtumiaji aliuziwa chipu. Yaliyomo ndani hakuonyeshwa. Ndipo David Rowe, mhandisi wa Australia, alipotunga Codec 2, programu huria ambayo yeyote aweza kuisoma, kuibadili na kuigawa bila malipo. Simu ya kawaida ya dijitali hutumia biti 64,000 kwa sekunde. Codec 2 hutumia 3,200, na katika mtindo wake mmoja, 700 tu.

Ubanaji huo una gharama. Katika mtindo wa 700, kinachosafiri si sauti yenyewe bali maelezo yake, kwa biti 28 kila milisekunde 40. Nasi twajua kwamba mzaliwa wa Mji wa Kale hutenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi ifuatayo herufi p. Tena anayo t ya meno na t ya ufizi. Je, pumzi fupi kama hiyo huvuka salama? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mhandisi wa mbali hawezi kutujibia.

Watakuwepo wasemao kuwa simu ya mkononi yatosha, ya nini kujisumbua? Lakini simu nayo hubana sauti, na mitambo mipya, mfano wa RADE iliyotoka mwaka 2024, hufunzwa kwa sauti zilizorekodiwa. Lugha isiyopimwa na wenyewe hubaki kukisiwa na wengine.

Kazi hii haina gharama kubwa. Kurusha mawimbi ndiko kunakohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kurekodi maneno, kuyapitisha katika programu na kuyasikiliza upya kwahitaji kompyuta moja tu. Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa fizikia na waketi pamoja, waandae orodha ya maneno yatatanishayo, wanafunzi wasikilize na kuandika walichosikia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo papa hapa kisiwani, chaweza kuyakusanya matokeo na kuyapeleka kwa watungaji. Programu ikiwa huria, kasoro tutakayoionyesha yaweza kurekebishwa, hata na sisi wenyewe. Mlango u wazi. Lililobaki ni kuingia.